Karva Chauth, Vat Savitri, Jaya Parvati au Teej: bibi harusi ashike funga ipi kwa ajili ya mumewe?

Kila mwaka Oktoba ikikaribia naanza kuulizwa swali lile lile na mabinti wa kwetu walioolewa juzijuzi, dada nimeambiwa nifunge kwa ajili ya mume wangu, sasa nishike ipi, maana mama ananiambia hii, mama mkwe ananiambia ile, na huko Instagram naona wote wamevaa nyekundu wanamwangalia mume kwenye chekeche la unga. Na siku hizi wanaouliza sio Wahindi peke yao, kuna mabinti wa Kiswahili walioolewa kwenye nyumba za Kihindu Dar, Mombasa, Nairobi, na wao wanataka kujua kabla hawajaahidi kitu mbele ya ukweni. Basi nimeona niziweke zote hapa tuzilinganishe.

Mimi nimezaliwa nyumba ya Kigujarati pale Kisutu, Dar, nikaja kuolewa kwa Wapunjabi Nairobi, kwa hiyo njaa ya pande zote mbili naijua. Za Bihar, Nepal na za Watamil nimezijua kwa majirani na mashoga zangu ambao tumekaa nao kwenye puja, yaani ibada, miaka na miaka.

Kitu cha kwanza uelewe, hii inaitwa vrat, na vrat ni nadhiri. Huwezi kufunga mwaka huu kwa sababu umejisikia halafu mwakani una kazi nyingi ukaacha tu hivihivi. Ukishaianza unatarajiwa uibebe mwaka hadi mwaka, na hata kuimaliza kuna utaratibu wake, Wagujarati tunaita ujavnu, watu wa kaskazini wanaita udyapan, siku unayowalisha wanawake wenzio na kuwapa zawadi ndo unakuwa umeifunga nadhiri yako vizuri. Kwa hiyo ukitaka kuchagua jiulize hii nitaiweza nikiwa na mimba? nikiwa nanyonyesha? nikiwa na miaka 50 na sukari imepanda? Picha zinapigwa siku moja lakini nadhiri unakaa nayo maisha, mi naomba mabinti walishike hilo kabla ya lingine lolote.

Karva Chauth

Tuanze na hii kwa sababu ndo maarufu kuliko zote, na umaarufu wake huku nje umeletwa sana na sinema za Bollywood na tamthilia za TV. Asili yake ni kaskazini mwa India, Punjab, Haryana, Delhi, Rajasthan, Uttar Pradesh na huko milimani Himachal. Mgujarati wa zamani hakuwa nayo kabisa, bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuifunga hata mara moja na aliishi na babu vizuri mpaka uzee wao, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia mke wa Kihindu asiyefunga Karva Chauth hampendi mumewe, ujue huyo anaongelea mkoa wake tu.

Inaangukia siku ya 4 baada ya mwezi mpevu, kama siku 10 au 11 kabla ya Diwali. 2023 ilikuwa Novemba 1, 2024 Oktoba 20, 2025 Oktoba 10, halafu 2026 inaruka mbele mpaka Oktoba 29 kwa sababu mwaka huo kalenda yetu ina mwezi wa ziada.

Siku yenyewe inaanza gizani. Kwa Wapunjabi mama mkwe ndo anayekuandalia sargi, chakula cha kabla ya alfajiri, ni kama daku. Wa kwangu alikuja kunigongea mlango na sinia limefunikwa kitambaa chekundu, ndani mna matunda, kipande cha nazi, mathri ambazo ni biskuti za chumvi, peremende za maziwa na bakuli la pheni, zile tambi nyembamba zilizopikwa kwa maziwa na sukari, akakaa pembeni ya kitanda ahakikishe nimekunywa na glasi ya maji ya mwisho. Nakwambia kwa mgeni kwenye nyumba ya watu kitu kama kile kinakuingia moyoni. Baada ya hapo hakuna chakula wala maji, hata tone, mpaka mwezi utoke. Mchana hushiki sindano wala mkasi, unapaka hina, unavaa nguo yako nzuri, wengi wanatoa tena ile ya harusi. Jioni wanawake mnakaa duara kila mtu na sinia lake, mna taa, mna karva ambacho ni kijungu cha udongo chenye mdomo, mnapitishana masinia mkizunguka mara 7 huku mmoja anasimulia kisa.

Kisa chenyewe ni cha Veeravati, dada mmoja wa pekee katikati ya kaka 7. Kafunga Karva Chauth yake ya kwanza akiwa kwao, jioni amelegea kwa kiu, kaka zake wakashindwa kuvumilia kumwona vile, wakaenda kuwasha moto nyuma ya mti wa pipal wakamwambia njoo uone mwezi umetoka. Akala. Hajamaliza kula habari ikamfikia kwamba mume wake amekufa. Akakaa na maiti akiomba, akairudia funga yake kwa ukamilifu mpaka akarudishiwa mume. Nikisema ukweli wangu, kisa hiki kila mwaka kinanipa uzito kifuani, kwa sababu binti mdogo anakisikia akiwa na njaa halafu anaanza kuogopa hata kumeza mate. Wala yeye hakukosea, kadanganywa na watu waliompenda, lakini adhabu kaipata yeye.

Mwezi ukitoka unapanda juu ya paa au baraza, unautazama kupitia chekeche, halafu unamtazama mume kupitia chekeche hilohilo, unaumiminia mwezi maji, mume anakupa funda la kwanza na tonge la kwanza kwa mkono wake. Hapo ni pazuri, sitakataa, na nyumba nyingi siku hizi mume naye anafunga siku hiyo, wangu anafunga, tunafungua pamoja.

Sasa ugumu wake kwa sisi tulioko huku. Delhi mwezi wa siku ile unatoka kama saa mbili na kidogo usiku, unakuwa umefunga saa kama 15. Huku karibu na ikweta mwezi wa siku ya 4 unachelewa kuliko kule, inaweza kufika saa tatu usiku na zaidi bado mko kwenye paa, na Nairobi mwezi wa Oktoba na Novemba mawingu ndo yenyewe, unasimama pale shingo juu huoni kitu. Wazee wanaruhusu kufuata saa iliyoandikwa kwenye panchang, kalenda yetu ya Kihindu, ya mji wako mawingu yakifunika, kwa hiyo itafute ya Nairobi au ya Dar, usifuate ile ya Delhi uliyotumiwa WhatsApp na shangazi.

Vat Savitri

Ndo ninayoipenda kuliko zote, nasema mapema ili mjue naegemea wapi.

Hii ni ya mwezi wa Jyeshtha, na ina tarehe mbili, hapo wengi wanachanganyikiwa. Gujarat na Maharashtra wanaishika mwezi ukiwa mpevu, wanaita Vat Purnima, lakini Uttar Pradesh, Bihar, Haryana, Punjab na Odisha wanaishika siku ya giza, amavasya. 2025 wa amavasya walifunga Mei 26, sisi wa mwezi mpevu Juni 10, yaani zilipishana wiki 2 tu. Ila 2026 kwa sababu ya ule mwezi wa ziada zinaachana zaidi ya wiki 6, amavasya Mei 16 na purnima Juni 29, kwa hiyo kama kwenu ni Gujarat na ukweni ni Bihar kaeni mkubaliane mapema mnafuata ipi.

Kisa chake kiko ndani ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu, kwenye kitabu cha Vana Parva, mzee Markandeya anamsimulia mfalme Yudhishthira. Savitri ni binti wa mfalme Ashvapati, baba akamwambia nenda mwenyewe ukatafute mume. Akazunguka akamchagua Satyavan, kijana anayekata kuni porini kwa sababu baba yake mfalme amepofuka na amenyang'anywa ufalme. Narada, mzee mwenye hekima, akaja akasema kijana ni mwema kwa kila kitu ila atakufa baada ya mwaka mmoja kamili. Baba akamsihi abadilishe. Akakataa, akasema mtu huchagua mara moja. Wakaoana, akaishi porini na wakwe, anahesabu siku kimoyomoyo bila kumwambia mtu. Zilipobaki siku 3 akafunga, siku yenyewe ilipofika akamfuata mume msituni, kichwa kikamuuma Satyavan, akalala mapajani mwake, na Yama mungu wa mauti akaja na kamba akamtoa roho.

Savitri akaanza kumfuata Yama nyuma. Yama anamwambia rudi, harudi. Anatembea na kuongea naye, maneno ya haki na ya busara mpaka Yama anafurahi, anamwambia haya omba chochote isipokuwa uhai wa mumeo. Akaomba macho ya baba mkwe. Akaendelea kumfuata. Akaomba ufalme wa baba mkwe urudi. Akaomba baba yake apate wana 100. Halafu akaomba na yeye apate wana 100 na Satyavan, Yama akakubali, na hapo amekwisha kufungwa na neno lake mwenyewe, maana huyo Satyavan si yuko kwenye kamba yake? Akamrudisha.

Ona tofauti na Veeravati. Huyu kamchagua mume mwenyewe, kajua habari mbaya akazikabili macho makavu, na kilichomwokoa mume ni akili na ulimi wake pamoja na ile funga. Mimi binti yangu akisikia kisa nataka asikie hiki.

Siku yenyewe mnaenda kwenye mti wa vad, ule mkubwa jamii ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia kutoka kwenye matawi mpaka chini. Unamwagia maji shinani, unapaka kumkum, ile poda nyekundu, unaweka embe, fenesi, bangili na ushanga mweusi, halafu unauzunguka mti na uzi mweupe wa pamba, mara 7 kwa wengi, wengine 108, ukiomba umri wa mumeo na wa nyumba yako, na Wamaharashtra wanaomba mume huyohuyo kwa kuzaliwa mara 7. Mkimaliza shina lote limekuwa jeupe kwa nyuzi za wanawake wa mtaa mzima, huwezi tena kujua upi wa nani.

Kuhusu chakula, nyumba kwa nyumba. Wapo wasiokunywa maji mpaka puja iishe, wapo wanaokula matunda na maziwa mchana kutwa, wapo wanaofungua kesho yake asubuhi. Kwetu Kisutu mama alikuwa hali kitu mpaka atoke kwenye mti, halafu matunda mpaka usiku, basi. Ukiniuliza ugumu, kwa India ile ya Mei ni ngumu, joto Delhi linapita 40 na mtu hanywi maji, lakini kwa Afrika Mashariki mwezi wa Juni ni kipupwe, Dar kumetulia, Nairobi baridi, mwili unavumilia vizuri. Linganisha na Oktoba, Dar jua limeanza kurudi na unafunga bila maji mpaka saa tatu usiku.

Shida moja, mti. Kule Mumbai na Pune watu wa maghorofani wananunua matawi ya vad sokoni wanayaabudu nyumbani, na watu wa mazingira wanalalamika kila mwaka kwa haki kabisa, unaombea uhai kwa kukata mti? Kama huna mti karibu chora picha yake, au panda mche kwenye ndoo. Shoga yangu mmoja alipanda mche wake kwenye ndoo ya rangi na sasa wanawake wanne wa jengo lao wanauzunguka.

Jaya Parvati

Hii ni yetu Wagujarati hasa, siku 5 za mwezi wa Ashadha, karibu kila mara inaangukia Julai. Wanaishika walioolewa na hata wasioolewa, asiyeolewa anaomba mume mwema na aliyeolewa anamwombea mume aliye naye. Wale wadogo kabisa wana yao ya pembeni, Gauri Vrat, tunaita Molakat, inaanza siku chache kabla, ndo mana unakuta msichana wa darasa la tatu anakataa chipsi kwa sababu zina chumvi.

Chumvi ndo jambo lenyewe. Siku 5 hugusi chumvi, nyumba nyingi na mboga hawali, unakula chapati ya ngano yenye samli, maziwa, matunda, karanga na korosho, vya sukari kidogo. Njaa hakuna, kiu hakuna, lakini siku ya tatu ulimi unaanza kudai, ukipita jikoni wakakaanga bhajia unatamani ulie.

Kinachofanya watoto na wakubwa waipende ni javara. Siku chache kabla unapanda ngano kwenye kibakuli cha udongo, ukiianza funga imeshachipua. Kila asubuhi unaoga, unainyunyizia maji, unaivalisha nagla, shada la pamba lililofinyangwa vidonge vidonge na kutiwa alama nyekundu za kumkum. Inapanda kila siku, siku ya tano imekuwa majani mabichi urefu wa kiganja, ina harufu ya shamba lililonyeshewa. Usiku wa mwisho mnakesha, mabinti wanacheza, wanaimba, wanasimulia, alfajiri mnaipeleka javara kwenye maji, mnaomba, mnarudi kula chakula chenye chumvi na mboga. Mama yangu siku hiyo alikuwa anapika batata na roti, na sijawahi kula viazi vyenye ladha namna ile.

Kisa chake kifupi, mke na mume wema waliokosa mtoto, mume akaumwa na nyoka, mke akamlilia mungu mke Parvati na Parvati akamrudishia.

Ubora wake ni kwamba ina mwisho unaojulikana. Unashika miaka 5, au 7, 9, 11, wengine 20, halafu unafanya ujavnu, umemaliza kwa heshima. Kwa binti anayeogopa nadhiri ya maisha hii ndo yake. Wenye presha hata daktari hatawagombeza kwa kupunguza chumvi, ila kama unatumia dawa za presha au una figo mbovu muulize kwanza, kubadilisha chumvi ghafla si kila mwili unapokea.

Hartalika Teej

Hapa nitakuwa mkweli, hii ni ya wenye kifua. Kwa kawaida inakuja siku moja kabla ya Ganesh Chaturthi, sikukuu ya mungu Ganesh, 2025 ilikuwa Agosti 26. Bihar, Uttar Pradesh, Madhya Pradesh, Chhattisgarh, Maharashtra na Nepal. Hakuna chakula hakuna maji toka alfajiri mpaka asubuhi ya kesho yake, na usiku halali mtu, mnatengeneza sanamu za Shiva na Parvati kwa mchanga au udongo mnakesha nazo. Kisa ni Parvati aliyetaka kuolewa na mungu Shiva wakati baba yake ameshamuahidi kwa mungu Vishnu, mashoga zake wakamtorosha wakamficha msituni akafunga huko mpaka Shiva akamkubali. Napenda kwamba ni mashoga waliomsaidia.

Na urafiki huo wa wanawake unauona. Nepal usiku wa kuamkia wanawake wanakula dar, karamu kubwa kwelikweli, kesho yake wote wamevaa nyekundu wamejaa hekalu la Pashupatinath pale Kathmandu wakicheza, na nyimbo za Teej ndo mahali mwanamke anatoa ya moyoni, ya mume, ya mama mkwe, ya serikali. Chhattisgarh wanawake wanarudi kwao kwa mama zao, usiku wa kuamkia wanakula wali na karela, ile mboga chungu. Lakini saa 24 na zaidi bila maji na bila usingizi, kila mwaka, na wazee wa Bihar wanasema ukishaianza haiachwi, ukiumwa mtu mwingine akufungie, hata mume. Mgeni asianze na hii. Jirani yangu Mbihari mwenyewe alinikataza.

Kuna ya Kigujarati ya siku hiyohiyo, Kevda Trij, mwanamke anashinda ananusa ua la kevda ambalo ni ndugu wa mkadi wetu wa pwani, ule unaotiwa kwenye kikuba. Mombasa bibi mmoja alikuwa anaagiza mkadi kwa wauza vikuba siku ile na hakuna aliyemwambia amekosea.

Na ya Watamil

Karadaiyan Nombu naitaja kwa sababu ni fupi na tarehe haihangaiki, inafuata jua, kwa hiyo ni Machi 14 au 15. Unafunga mpaka saa ile mwezi wa Masi wa kalenda ya Kitamil unapoisha na kuanza wa Panguni, unajifunga uzi wa manjano shingoni, unafungua kwa adai, vitu vya mvuke vya unga wa mchele na kunde, vya sukari na vya chumvi, na kidonge cha siagi ambayo haijayeyushwa. Saa yenyewe inabadilika, mwaka mwingine ni asubuhi na mapema unakuwa umemaliza, mwaka mwingine usiku. Nayo ni ya Savitri huyohuyo.

Kwa hiyo wewe ushike ipi

Ukiolewa kwa Wapunjabi na mama mkwe anakuletea sargi, shika Karva Chauth, kwa sababu pale unaingizwa kwenye nyumba, na ukikataa sargi bila kueleza unamkata mtu mkono. Ila mwambie toka mwaka wa kwanza kama utakunywa maji. Usianze bila maji halafu mwaka wa tatu una mimba ndo uanze kubishana. Mwaka wa mimba yangu mama mkwe mwenyewe ndo aliyeniwekea glasi ya maziwa mchana, na puja ikaenda vilevile.

Na hili naomba mlisome vizuri, kwa sababu nimeona mabinti wanaanguka. Kuna sloka, yaani beti, ya zamani iko kwenye Mahabharata inayotaja vitu 8 visivyovunja vrat, maji, mizizi, matunda, maziwa, samli na vya sadaka ya moto, ombi la Brahmin, yaani kuhani, neno la guru, na dawa. Maji yametajwa. Dawa imetajwa. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye sukari anayechoma insulini, mwenye figo, asifunge bila maji, na yeyote anayemlazimisha amwonyeshe hiyo sloka. Hata sheria haimlazimishi mtu, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ilitupa ombi la mtu aliyetaka wanawake wote, wajane wakiwemo, walazimishwe kushika Karva Chauth, ikampiga na gharama ya rupia 1,000.

Wajane nao ni jambo linaloniuma. Kwenye duara la Karva Chauth kwa desturi mjane hakai. Mwanamke amefunga miaka 30, mume akatangulia kwa maradhi yake, halafu sinia halimpitii tena, kama vile funga yake ndo ilikuwa na kasoro. Mahekalu mengine siku hizi wanamkaribisha kila mtu kwenye kisa, na mimi mtaani kwetu nawaita wote. Ukichagua kikundi cha kufunga nacho angalia wanavyowafanyia wajane wao, hapo utajua utakaa na watu wa namna gani.

Ukiwa Mgujarati na nyumba zote mbili ni Gujarat, anza na Jaya Parvati miaka 5, ongeza Vat Savitri ambayo utabaki nayo. Karva Chauth huna deni nayo.

Ukiwa unafanya kazi ya zamu, nesi, mwalimu, uko dukani umesimama kutwa, Vat Savitri ndo inakufaa, puja asubuhi mapema unaingia kazini na ndizi na maziwa kwenye mkoba, hakuna kusubiri mwezi. Jaya Parvati nayo unaiweza kazini, ila beba chakula chako maana kantini hakuna kisicho na chumvi.

Gharama pia ziko. Karva Chauth imekuwa ghali, hina, sari, zawadi ya mama mkwe, mapambo ya sinia, na shinikizo la kupata zawadi kutoka kwa mume. Kwa asili hakuna hata kimoja cha lazima zaidi ya kijungu, taa, maji na sinia. Vat Savitri ni uzi na matunda ya msimu, ingawa Juni embe za Dar zimeisha na unaweka papai, hakuna shida.

Na wewe binti wa Kiswahili uliyeolewa kwa Wahindu, kama umebaki na dini yako usikubali nadhiri usiyoiamini ili kuwafurahisha watu, kaa nao kwenye kisa, saidia kuandaa masinia, mfungulie wifi yako mlango wa paa mwezi ukitoka, hiyo inatosha na wengi watakupenda zaidi. Kama umeingia dini yao kwa moyo wako, anza na Vat Savitri ya maji na matunda, uliza ukweni wanafuata amavasya au purnima, halafu mwombe mama mkwe au wifi akupeleke kwenye mti mwaka wa kwanza akuonyeshe unauzunguka kuelekea upande gani, mti uwe mkono wako wa kulia. Uzi wa pamba na kumkum unavipata Kisutu, au Nairobi pale Ngara na Diamond Plaza ya Parklands, nunua wiki moja kabla.